Gari Lililojipisha

"Ambulensi inakuja nyuma yako. Pisha."

Dereva akatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yake palikuwa na lori la mchanga tu, tena mbali. Lakini kwenye skrini iliyobandikwa kando ya usukani, alama nyekundu ya ambulensi ilikuwa imemganda mgongoni kama kupe. Amri ya kazini haikuwa na mjadala: kidubwasha kikisema pisha, pisha. Akaingia kando, akasimama. Alama ikaja mbio, ikamfikia, ikazama ndani ya gari lake, ikapotea. Likapita lile lori, na vumbi lake.

"Mbona tumesimama?" nesi akauliza kutoka nyuma.

"Napisha ambulensi."

"Ipi?"

Kwenye machela alilala mama mkwe wake, aliyebanwa na kifua ghafla akianua nguo. Mama huyo akaisogeza barakoa ya oksijeni.

"Mkwe," akasema, pumzi zikikatika, "kama bado una kinyongo na yale ya harusi, tuyamalize nikishapona."

"Mama, rudisha barakoa, nakuomba."

Akaondoa gari, king'ora kikilia. Hata hawajafika mbali, sauti ile ile: pisha. Alama ile ile, mgongoni. Akasimama tena, kijasho kikimtoka, akampigia simu shemeji yake kwa spika.

Shemeji ndiye aliyefunga kifaa kile asubuhi, huku akijisifu mpaka chai ikapoa. Redio inazungumza na magari ya karibu, ana kwa ana. Mtandao wa simu unapitia mnarani kuziomba taa za barabarani zifungue njia. "Nimeviozesha, shemeji," alisema. "Ndoa kamili!"

Sasa dereva akafoka: "Kuna ambulensi inanifuata, na haipo!"

"Inakufuata, au haipo?"

"Vyote viwili! Nikisimama inaniingia, inakufa. Nikiondoka inazaliwa upya."

"Loo! Ni wewe huyo, shemeji. Redio inasema uko hapa. Mtandao umezunguka mnarani, unarudi umechelewa, unasema uko pale ulipokuwa. Kifaa kinadhani mko wawili."

"Yaani najipisha mwenyewe?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi nizime kipi?"

"Ukizima redio, magari hayatakusikia. Ukizima mtandao, taa hazitakufungulia. Kwani una mgonjwa?"

Sauti ikatoka machelani: "Mwambie ni mama yake!"

Sasa majisifu yote ya shemeji yalikuwa yamemwagika. "Usizime kitu. Usikitii. Kimbia, kaka, kimbia."

Akakimbia. Magari yakajitenga, taa zikafunguka, na kila kidubwasha kiliposema pisha, alijibu, "Sipishi!" Hata hivyo mguu wake ulikuwa ukisitasita kwenye mafuta. Je, kama safari hii ni mtu mwingine kweli? Akatazama kioo. Hakuna. Akatazama skrini. Yupo. Akaamua kutazama mbele tu.

Getini pa hospitali akazima king'ora, kama wanavyotakiwa madereva wote wa ambulensi, akasimama mlangoni pa dharura. Machela ikashuka. Daktari akaweka kipimo kifuani pa mama, akasikiliza, akasema, "Mmewahi." Mama mkwe akamminya dereva kidole.

"Umeendesha vizuri," akasema. "Mwishoni."

Wakamwingiza ndani. Dereva akarudi kwenye kiti, akaegemeza kichwa.

"Ambulensi inakuja nyuma yako. Pisha."

Akacheka peke yake. "Mimi huyo. Niache nije."

"Pisha."

"Sipishi, nimekwambia!"

Alama nyekundu ikasogea, ikamfikia. Safari hii haikuzama. Kiganja kikagonga mlango wake kwa nguvu.

"Wewe, una masikio kweli?" nesi mgeni akapiga kelele. "Tuna mtoto ndani hapumui vizuri! Toa gari!"

Kwenye kioo, ambulensi nzima, nyeupe, ya chuma, king'ora kimezimwa. Dereva akaondoa gari mbio mpaka tairi likapanda ukingo, akafumba macho. Alipoyafumbua, mtoto alikuwa ameshaingizwa ndani. Skrini ilionyesha alama tatu, na hakujua tena ipi ni yeye.