Mtindi wa Ng'ombe wa Nchagwa

Kaltum alimenya ndizi mbili, akazikata vipande vya duara na kuviweka kwenye bakuli la enameli. Akamimina mtindi, akatupia papai, kisha njugu alizokwisha kukaanga na kuzitwanga nusunusu. Kazi ya dakika chache tu. Hicho ndicho chakula kilichoijaza hoteli yake pale Migori mjini, maana watu wa ofisini walitaka kitu cha upesi kabla ya saa mbili. Mwenyewe alikuwa mtu wa Lamu. Mume ndiye aliyemleta huku kufanya biashara, mume akafa, biashara ikabaki.

Alipotia kijiko akoroge, mtindi ulisema kwa sauti ya msichana, "Mito inayoingia Ziwa Viktoria ni Nzoia, Nyando, Sondu na Kuja."

Kaltum alifikiri ni redio ya jirani, akakumbuka redio ile iliharibika tangu Krismasi. Akakoroga tena. Mtindi ukarudia mito ileile. Akauonja, ulikuwa mchachu kama siku zote. Hakujua la kufanya, na mteja alikuwa anangoja, kwa hiyo akampelekea.

Mteja alikuwa Mwalimu Jared, aliyehamishiwa shule moja ya mjini mwezi wa pili wa mwaka huo wa tisini na nne, akitoka upande wa Kuria. Alikula huku akisikiliza.

"Umesahau Yala," alisema.

"Na Yala," bakuli likajibu.

Jared akaweka kijiko chini. Alimweleza Kaltum kwamba huyo ni Joyline, binti wa Nchagwa, yule yule anayeleta maziwa. Alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la saba na kila mara aliusahau Mto Yala. Baada ya likizo ya Desemba hakuonekana tena. Waliambiwa ameenda kukaa na shangazi.

Nchagwa alipofika na mtungi wa maziwa kwenye baiskeli, Kaltum alimuuliza. Hakuficha. Joyline ameolewa nyuma ya Isebania, kule mpakani, na ng'ombe anayekamwa ni wa mahari yake.

"Hii ng'ombe ndiyo ilikuja ya kwanza," alisema. "Iko na maziwa mingi sana, mama."

Kaltum alimwambia kwamba maziwa yanasema. Nchagwa alilijua hilo. Hata nyumbani yalisema mkewe akikama, na hesabu ndizo zilizomchosha zaidi. Alidhani watu wa mjini wangeyapenda, kwa kuwa wamesoma.

Basi Kaltum akabaki njia panda. Kuuza sauti ya mtoto wa watu hakukumkalia vizuri, na kumwaga kulionekana kubaya zaidi. Kila asubuhi alikata ndizi akijiambia leo ataamua, na kabla hajaamua wateja wamekwisha kukaa. Walizoea upesi. Karani mmoja alilalamika kwamba sauti iliendelea kukokotoa hesabu za sehemu tumboni mwake hadi kwenye mkutano, akaomba apimiwe bakuli dogo. Jared alikuja kila siku. Aliuliza maswali, akasahihisha majibu, akala.

Ijumaa moja baada ya swala Kaltum alifunga hoteli, akatia mtindi kwenye chupa ya chai, akafunga njugu kwenye karatasi, akaenda Isebania. Mama mkwe wa Joyline, Rael, alimkaribisha vizuri. Alimsifu mke wa mwanawe: anafanya kazi, hajibu wakubwa, tena tangu aletwe hajatamka neno.

Joyline aliingia na mtungi wa maji kichwani. Alivaa sweta ya shule iliyofumuliwa nembo. Kaltum aliandaa bakuli pale pale magotini. Mtindi ulikuwa katikati ya desimali. Msichana alikula bila kuinua macho, akafuta mdomo, akakohoa.

"Mwalimu amefika wapi?" aliuliza, kwa sauti ileile ya bakulini.

"Desimali."

"Nilisikia desimali ni ngumu."

"Si ngumu sana," alisema Kaltum, ambaye hakuzijua.

Joyline alisema mpaka jua likainama. Aliuliza nani anakalia dawati lake. Akataja mito, na Yala ndani yake. Mwisho akasema, "Mwambie baba nataka kurudi. Shule ikifunguliwa nitarudi, hata kama ni kwa..."

Sauti ilikatika hapo. Midomo iliendelea kidogo, halafu akaifunga, akachukua mtungi na kurudi mtoni.

"Maziwa imeisha," Rael alisema, bila ubaya wowote. "Ni hivyo tu."

Kaltum alifikisha ujumbe. Nchagwa alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaitazama ndani. Ng'ombe hawawezi kurudi, alisema. Wengine wamekwisha kwenda kumwoza kijana wake. Jared naye alipeleka habari kwa naibu wa chifu. Mkubwa yule alikuja mwenyewe hotelini, akala bakuli zima, akasikiliza desimali, akasema mtoto ana akili, akaondoka.

Mwezi wa nane Nchagwa alikuja na mitungi miwili. Kuna ng'ombe mwingine nyumbani, alisema, akaipanda baiskeli yake haraka kuliko kawaida na kuondoka. Kaltum alikaa akiitazama ile mitungi. Joyline alikuwa na mdogo wake wa kike. Hilo Jared aliwahi kumwambia.

Maziwa yalipoganda alikata ndizi, akamimina mtindi wa mtungi wa pili, akatia kijiko. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba zaidi, yenye kamasi kidogo.

"Saba mara sita," ilisema, ikakwama. "Saba mara sita."

Hotelini watu waliacha kutafuna. Jared hakuwa amefika.

"Arobaini na mbili," alisema Kaltum.

"Arobaini na mbili," bakuli likarudia. "Saba mara saba."

Kaltum akanyunyiza njugu juu, akampelekea karani, kwa kuwa saa mbili ilikuwa inakaribia.