Nani Ale Imondo

Mimi Phanuel si mtu wa kuomba msaada. Kipruto analijua hilo kuliko yeyote, kwa sababu tulipanga chumba kimoja Shirere tukiwa chuoni, na gesi ilipoisha niliona heri kulala njaa kuliko kugonga mlango wa jirani.

Mwezi wa nane tulienda Wasini kuona matumbawe. Njia nzima nilijigamba kwamba nimeogelea mto Isiukhu tangu utotoni. Wacha we! Bahari si Isiukhu. Nilivaa miwani ya maji, nikachungulia chini, nikaona samaki wa manjano wakipita kwenye matumbawe kama watoto wanaotoka shule, nikashangaa hadi nikameza maji na kuzama. Aliyenishika kwapani akanivuta juu ni Kipruto. Nilipomaliza kutapika nikamwambia, "Nilikuwa napima kina." Asante sikusema. Mama naye sikumwambia, maana alishamzika Baba na hana mtoto mwingine.

Lakini jambo hilo lilinikaa rohoni. Mtu akurudishie uhai, nawe usimwambie hata neno? Na sasa Kipruto amehamishiwa kazi Marsabit, anaondoka Jumatatu. Jumamosi akaja kwetu Kakamega tutimize ahadi yetu: bahari kwanza, msitu baadaye. Nikajipangia. Huku ni kwetu, huku mimi ndiye nitakayemwokoa, tuwe sawa, na asiwepo wa kusema asante. Ndiyo, nilimwombea rafiki yangu ateleze. Kidogo tu.

"Tutafute mtu wa kutuongoza," Kipruto akasema tulipofika msituni.

"Wa nini? Si mimi ndiye mwenyeji!" nikamfokea. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho kuingia humo nilikuwa darasa la sita. Sisi watu wa mjini Kakamega tunajisifunga na huu msitu, lakini kuuingia tunawaachia wageni.

Mbega waliruka juu yetu na mikia yao myeupe. Kwenye kijito nilisimama mikono wazi, tayari kumdaka. Kipruto akapita juu ya gogo akipiga mluzi. Pale mlimani Lirhanda, kwenye lile shimo la zamani la dhahabu, nikamwambia, "Kuna popo, usiogope, shika mkono wangu." Popo walipotoka, aliyepiga mayowe si yeye.

Tukiteremka nikaona ndege mkubwa wa buluu. "Kipruto, tazama!" nikasema, nikasimama nimenyoosha kidole kwa maringo. Nikahisi kitu pajani. Halafu vitu. Nilikuwa nimesimama katikati ya msafara wa siafu.

"Vua suruali!"

"Hapa?"

"Phanuel, vua!"

Akapiga magoti, akawa anawang'oa mmoja mmoja miguuni mwangu, nao wakihamia mikononi mwake. "Mwenyeji," akasema huku akicheka, "hawa siafu hawakujui?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema, "Walikuwa wachache tu." Ah, mdomo wangu huu!

Nyumbani Mama alikuwa amepika obusuma, ugali wetu, na ingokho, jogoo mzima. Kwetu firigisi ya kuku, imondo, ni ya mwenye nyumba. Tangu Baba afariki, ni yangu, na mgeni haigusi. Shingo ni ya watoto. Mama akaiweka imondo kwenye sahani yangu. Kipruto akanyoosha mkono kumega obusuma, nikaona vidole vyake vimevimba vyote. Nikaichukua ile imondo, nikamwekea yeye.

Mama akaacha kupakua. "Phanuel! Siafu wamekuuma mpaka akili? Imondo ya baba yako inagawanywa hivyo?"

"Mama, kama si huyu, leo hungekuwa na mtu wa kumpakulia."

Nikamwambia yote: bahari, maji, kwapa, uongo wangu. "Na sijamshukuru mpaka leo. Asante, Kipruto. Asante, ndugu yangu."

"Si ulikuwa unapima kina?" akasema, lakini hakuweza kuniangalia. Amekulia Lugari kati yetu Waluhya, hakuhitaji kuelezwa chochote. Akaisukuma sahani. "Mama, hii siwezi. Ni ya mwenye nyumba."

Mama akainuka, akazunguka meza, akamshika kichwa kwa mikono miwili jinsi anavyonishikanga mimi. "Kula, mwanangu. Marsabit nenda, lakini kwenu ni hapa. Kumbe miezi yote hii nina watoto wawili na sijui."

Akasimama karibu naye mpaka akaimaliza. Kisha akanigeukia, macho mekundu, akachota kwenye sufuria. "Na wewe unayenifichanga mambo, shika."

Ilikuwa shingo. Niliila yote, mifupa nikaifyonza, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile.