Sukari Iko Sawa

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Mei 1996, saa tatu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakiilowesha Nyamira tangu alfajiri. Mzee Ogoti aliingia katika zahanati ya mkwewe, akakung'uta kofia mlangoni, akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbali zaidi.

Angwenyi, mume wa binti yake Bonareri, alisimama kumlaki. Alikuwa tabibu mwepesi wa kusema, lakini mbele ya mzee huyu maneno yake yalipungua.

"Usiku silali, mwanangu," Ogoti alisema akitazama dirisha. "Natoka nje, narudi. Blanketi halijashika joto, natoka tena."

Angwenyi alijua maswali yaliyopaswa kufuata. Je, mkojo hutoka kwa shida? Hukatika njiani? Alijua pia kwamba ilimpasa avae glovu na kuipapasa tezi dume ya mzee kwa kidole, kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu saratani ya hapo hukua kimya na hutibika ikiwahiwa. Lakini mkwe hamwoni baba mkwe akiwa uchi, wala hasemi naye habari za chini ya kiuno. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya Wagusii, na Angwenyi alilelewa nayo kabla hajaenda chuoni.

Angeweza kumpeleka kwa mwenzake. Hata hilo lingetaka sababu itajwe. Badala yake alifungua droo na kutoa kifaa kipya alichokinunua katika duka la Shashikant mjini Kisii. Kisukari nacho humwamsha mtu usiku, alijiambia, na hilo lilikuwa kweli. Alimdunga mzee kidoleni. Tone la damu likagusa kijiti chembamba, umeme mdogo ukapita, na namba ikatokea kwenye kioo.

"Sukari iko sawa, Tata," alisema, akimwita baba kwa Kigusii.

"Kwa hiyo mimi ni mzima?"

Angwenyi aliendelea kuitazama ile namba. "Ndiyo."

Siku ya Sabato Ogoti alisimama kanisani Sironga kutoa ushuhuda. Mkwe wake, alisema, alimpima kwa mashine isiyokosea, nayo ikamkuta mzima. Watu waliitikia amina. Bonareri alimfinya mumewe mkono kwa fahari. Angwenyi aliinamisha kichwa kama mtu anayesali, lakini hakusali.

Jumatatu iliyofuata alikuja Alfayo, jirani na rika la Ogoti.

"Lete hiyo mashine ya mkojo."

"Ni ya sukari, mzee."

"Ya sukari, ya chumvi, mimi nataka kulala!"

Kwa Alfayo hapakuwa na cha kuonea haya. Angwenyi aliuliza maswali yote, akavaa glovu, akapima huku mzee akilalamika kwamba angejua mapema angebaki na usingizi wake mbaya. Upande mmoja wa tezi ulikuwa mgumu. Angwenyi alimweleza hivyo bila kuficha, akamwambia lazima aonwe na daktari wa upasuaji.

Alfayo alifunga mkanda wake taratibu.

"Ogoti naye ulimpima hivi?"

"Hapana."

"Ulimpima wapi?"

"Kidoleni."

Alfayo hakucheka. "Mimi mtu baki umenitafutia ugonjwa mpaka ukauona. Baba wa mke wako ukamtafutia mahali ambapo huwezi kuona haya."

Angwenyi alifunga zahanati. Yeye na Alfayo walikwenda Sironga, nyumbani kwa Ogoti, alasiri hiyo hiyo. Habari za mwili alizisema Alfayo, maana marika huambiana lolote, naye Angwenyi akangoja uani karibu na migomba mpaka alipoitwa.

"Siku ile ulishuku?" Ogoti aliuliza.

"Nilishuku, Tata."

"Ukaniambia ni mzima."

"Ndiyo."

"Basi nimesema uongo kanisani."

"Uongo ni wangu. Niliona haya kukuuliza."

Ogoti aliigeuza kofia mikononi. "Na mimi nilifurahi kwamba hukuniuliza," alisema hatimaye. "Lakini mimi sikusomea."



"Haya, Alhamisi twende Kisii," Alfayo alimwambia Ogoti. "Wewe ukipiga kelele, mimi nacheka. Nikipiga mimi, cheka wewe."

"Wewe ndiye utakayeanza kuingia," Ogoti alisema.

Alhamisi wazee wawili walionwa na daktari asiyekuwa na undugu nao, na damu yao ikapelekwa Nairobi kupimwa dalili za saratani ya tezi. Siku hiyo Bonareri alichuma majani chai katika shamba la baba yake pamoja na lake, kwa kuwa mzee hakuwapo. Sabato iliyofuata Ogoti alisimama tena kanisani, akasema ushuhuda wake wa kwanza ulihusu sukari tu. Alfayo aliwahimiza wanaume waende Kisii, akakataa kueleza wanakwenda kupimwa vipi. Angwenyi alizungumza na mwenzake wa Keroka, wakakubaliana kwamba kila mmoja atawapima wakwe wa mwenziwe. Kisha alikiweka kile kifaa katika droo ya chini. Majibu kutoka Nairobi yalikuwa bado.