Ngazi ya Dungu

Viboko walipomaliza mpunga wetu, mume wangu Hemedy alipanda kwenye dungu, kibanda chetu cha juu cha kulindia shamba, akakaa huko siku mbili bila kusema neno. Mimi nililia kwa majirani mpaka sauti ikakauka, nikarudi na wanawake sita waliobeba miche. Tukaanza kupandikiza, matope mpaka magotini. Nikamwita. Akanigeuzia mgongo mbele ya wenzangu.

"Mwanaume ndivyo alivyo, mwache," Mwamini, mmoja wa wale sita, akaninong'oneza.

Nimwache? Nikaichomoa ngazi, nikaitupa matopeni. Hemedy akachungulia kutoka juu.

"Swaumu! Rudisha ngazi!"

"Kumbe mdomo unao," nikamjibu. "Mimi nimeshalia kwa majirani. Wewe lia kwangu, ndipo ushuke."