Kitanda cha Kambini

Dionis alirudi kutoka vitani Burma mzima wa mwili, lakini alikuwa na uchovu ambao usingizi haukuuweza. Kazi hakuna. Serikali ikawafungulia askari wa zamani kambi iliyoachwa na jeshi pale Tabora. Ghala la bunduki likawa karakana, nao wakapewa vitanda, wajifunze useremala kwa Fundi Abbasi.

Bweni lilikuwa lile lile alimolala siku za kuandikishwa, yeye na shemeji yake Modest. Modest hakurudi.

Kila Jumamosi wenzake walikwenda makwao. Dionis, ambaye kwake ni Ntalikwa, mwendo wa asubuhi tu, alibaki akiutazama ukuta.

Ijumaa moja adhuhuri mkewe, Koleta, akasimama mlangoni pa karakana na kikapu cha michembe ya viazi vikavu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umemfuata nani?"

"Baba Paskazia."

Dionis akaiweka randa chini. Fundi Abbasi akawaita wengine wakanywe chai.

"Vita vimekwisha," Koleta alisema, "na wewe bado uko kambini. Mtoto anauliza kama baba yake amefungwa."

"Mama yako ataniuliza habari za Modest."

"Kwamba amekufa tunajua. Matanga tumekwisha kuanua. Anataka kujua alizikwaje, nawe ndiye uliyekuwepo."

Dionis akakaa juu ya mbao.

"Hakupigwa risasi, Koleta. Ni tumbo la kuhara. Tulikunywa maji machafu, mimi nikapona. Tukamzika na blanketi langu, mvua inanyesha."

Koleta alilia kimya, kikapu bado mkononi. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Habari ya maji iache. Mweleze ya blanketi."

Wakaondoka pamoja. Nyumbani mama mkwe alimsikiliza huku ameinamisha kichwa. Akauliza jina la mahali pale. Dionis akajaribu kulitamka, likamshinda.

"Basi," mama akasema. "Kama kuna mtu wake aliyemfunika, basi. Pumzika, baba."

Akalala mkekani, jua halijatua, Paskazia akimchungulia kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwamsha.

Jumatatu alirudi kambini, kwa kuwa kazi nyingine bado haikuwapo. Ila Jumamosi iliyofuata, wenzake walipofunga mizigo, naye alifunga wake.