Nyumba Zilizomsindikiza Truphosa

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka 1973, saa mbili asubuhi, huko Hodge Hill, mtaa wa Birmingham, Uingereza, Edah alikuwa anapiga pasi shati moja kwa mara ya tatu. Shati lilinyooka tangu mara ya kwanza. Mama yake, Truphosa, alikaa mezani, anamimina chai kwenye kisahani ipoe. Miguuni pake kulikuwa na kikapu alichotoka nacho Maragoli: njugu, simsim, na kuku aliyekaushwa kwa moshi.

"Leo tunaenda kwa Matroni?" Truphosa akauliza.

"Leo twende mjini, Mama. Tukaone Rotunda."

"Huyo ni nani?"

"Ni jengo. La mviringo. Ghorofa ishirini na kitu."

"Haya. Na Matroni?"

"Kesho."

Kikapu kilikuwa cha Matroni, mkuu wa manesi wote pale hospitalini kwa Edah. Mtu akikukalia na mtoto miaka tisa, huendi kwake mikono mitupu, na hupitii kwingine kabla ya kwake. Edah alilijua hilo vizuri. Shida yake ilikuwa mkanda.

Kwenye barua za nyumbani, Edah alikuwa Sista, yaani nesi msimamizi wa wodi. Aliandika hivyo mwaka wa nne, siku moja alipochoka kuulizwa, na tangu hapo hakupata mahali pa kulifuta hilo neno. Sista wa hospitali ile alivaa mkanda wa bluu wenye kifungo cha fedha, na kule nyumbani akina mama wa kanisa walishauimbia huo mkanda Jumapili nzima. Wa Edah ulikuwa wa kijani. Kijani maana yake ni hii: ulifika kutoka Afrika ukasema unataka kuwa nesi, wakakuweka kwenye mafunzo ya miaka miwili badala ya mitatu, wakakwambia ni yale yale. Si yale yale. Mwenye kijani hapandi. Edah alikuwa amefundisha wasichana saba wa kizungu kubadilisha shuka mgonjwa akiwa bado amelala juu yake, na watano kati yao sasa walikuwa Masista, wanamwambia afanye haraka.

"Mama ya Edah, ongeza chai," alisema Champa, mwenye nyumba. Champa alihamia Hodge Hill kutoka Kisumu mwaka 1968, na masanduku sita na Kiswahili chake chote. Kule Kisumu alikuwa na duka la vitambaa. Mwaka 1951 alimuuzia Truphosa kitambaa cha yunifomu ya kwanza ya Edah, na kikapauka kabla ya Krismasi. Walipokutana mlangoni, baada ya miaka ishirini na miwili, Truphosa hakusalimia kwanza. Alisema, "Kile kitambaa."

Hata sasa, akijaziwa kikombe, alisema, "Chai yako imeshika rangi kuliko kile kitambaa."

"Ulifua vibaya, mama."

"Nilifua na maji. Ulitaka nifue na nini?"

Basi wakaenda mjini, mama na binti. Truphosa alifika mbele ya Rotunda, akagonga ukuta kwa kidole. "Hodi." Akalitazama jengo mpaka juu, shingo ikalia. "Wamejenga vizuri," alisema. "Ni vile tu hakuna kona ya kuweka kabati." Wakalizunguka mara moja. Halafu akaweka kiganja ukutani, akaaga kama mtu anavyoaga. "Haya, tumekuona, tumeshukuru. Sisi tunaenda."

Wakaanza kuteremka kuelekea steji ya basi. Rotunda likajinyanyua, likawafuata. Lilikuwa linasogea kama pipa lililojaa maji, upande huu, upande ule, taratibu lisimwage watu wake. Madirishani wapiga taipu walishika vikombe vyao. Pritam, dereva wa basi la Hodge Hill, alipiga honi mara moja, akazima injini akangoja lipite. Pale steji Truphosa aligeuka.

"Imetosha. Rudi, umeacha kazi yako."

Rotunda likarudi.

"Miaka tisa napita hapa," Edah alisema wakiwa wamekaa. "Halijawahi kunisindikiza."

"Ulishawahi kuliaga?"

Edah akatazama nje.

Jumatano kikapu kilikuwa palepale na Matroni alikuwa kesho. Wakaenda Town Hall, ile yenye nguzo nyingi, nayo ikawasindikiza kwa mwendo wa mzee mwenye suti, inasimama kila kona kuvuta pumzi. Alhamisi wakaenda kuona mfereji wa maji. Mfereji uliwafuata mpaka kwenye ngazi, ngazi zikaushinda, ukabaki pale chini unatikisika. Ijumaa ilikuwa soko la Bull Ring, ambalo halikusindikiza mtu kwa sababu lilikuwa na wateja, lakini muuza samaki mmoja aliongeza samaki. Kufika Jumapili, Birmingham ilikuwa imeisha.

Jumatatu Edah alienda Digbeth, kule mabasi ya safari ndefu yanakoondokea, akarudi na tiketi mbili za Paris.

Champa alimvuta jikoni. "Hospitali iko dakika kumi na tano kwa basi. Wewe unampeleka Fransa?"

"Anataka kuona Ulaya."

"Anataka kuona Matroni." Champa aliujua ule mkanda. Kila Jumamosi ulikauka kwenye kamba yake. "Mwambie, dada. Mama hawezi kukula."

"Nitamwambia Paris."

Hakumwambia Paris. Hakumwambia kwenye basi, wala kwenye meli, ambako bahari iliwasindikiza mpaka upande wa pili, lakini hiyo ni kazi yake. Paris Truphosa alivaa kitambaa chake cha kanisa kichwani, akapiga hodi kila mahali. Kanisa lao kubwa lilikuwa kwenye misa, halingeweza kutoka, ila lilituma kengele moja iwafikishe mpaka mtaa wa pili. Kengele ilitembea mbele yao ikilia kidogokidogo. Mwenye mkahawa alisogeza viti ipite.

Halafu wakaenda kwenye mnara wa chuma, ule unaoonekana kwenye kalenda za wenye maduka. Truphosa hakutaka kupanda.

"Nikipanda nitauona vipi?" Alikaa chini yake kwenye nyasi, akala ndizi, akausifu. Alisema mtu aliyeufunga alijua kufunga, hata upepo wa Maragoli usingeufungua. Kisha akagusa mguu mmoja wa mnara. "Haya baba, tumeshiba macho. Basi letu liko ng'ambo."

Mnara ukanyanyua miguu yake minne, mmoja baada ya mwingine, kama ng'ombe anayeingia zizini, ukawafuata mpaka mtoni. Watu waliokuwa juu waliona sehemu nyingine ya mji kwa tiketi ileile. Pale kwenye maji ukasimama, kwa sababu daraja lisingeubeba. Truphosa alivuka akapunga mkono. Mnara uliinama kidogo. Edah naye akageuka, akasema kwa aibu, "Kwaheri." Mnara ukainama tena, wa pili huo ukiwa wake peke yake, na akacheka mpaka akashika mbavu, barabarani, mtu mzima na mkoba wake.

"Si unaona?" alisema Truphosa. "Ni mtoto wa watu tu."

Safari yote ya kurudi waliimba nyimbo za kanisa, na viti vya nyuma vikaimba pamoja nao bila kujua maneno.

Wakafika Birmingham. Ndege ya Truphosa ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi, Edah alikuwa na shifti ya mchana, na vya kuona havikuwepo tena. Truphosa alioga mapema, akajipaka mafuta, akachukua kikapu akakiweka kichwani. Hakuuliza.

Edah alikuwa na mkanda wa bluu kwenye mkoba. Mmoja wa wale Masista watano alimwazima, akicheka, kwa siku moja. Hesabu yake ilikuwa auvae getini, upesi. Getini akaingiza mkono mkobani, akakishika kile kifungo cha fedha, kilikuwa baridi. Lakini mama yake alikuwa ameshagonga ukuta wa hospitali.

"Hodi!"

Edah akatoa mkono. Akavaa wake wa kijani, wakaingia.

Matroni alikuwa mwanamke mzuri. Alitoa chai, akatoa na biskuti, akapokea kikapu kwa mikono miwili baada ya kuona kinatolewa kwa mikono miwili. Alinusa kuku, akasema ni wa ajabu.

"Mwambie nimeshukuru," alisema Truphosa. "Mwambie nilimpa mtoto, na amenilindia mtoto."

Edah akatafsiri. Matroni akamshika Edah bega. Alisema wodi ile isingesimama bila Edah, kwamba Edah ni mkono wake wa kulia, amewafundisha karibu wote waliopo. Edah akatafsiri na hilo, anaangalia biskuti.

Truphosa akanywa chai. "Mwulize mkono wa kulia unavaa kijani kwa nini."

Edah akachukua biskuti, akaivunja katikati.

"Hujamaliza kutafsiri," alisema mama yake.

Edah akatafsiri. Matroni hakukasirika. Alieleza kwa upole kwamba ni utaratibu, kuna mafunzo haya na mafunzo yale, na kwamba Edah hajawahi kulalamika, ni msichana mchangamfu sana. Edah alikuwa na miaka ishirini na tisa. Matroni akaongeza chai. Mwishowe akarudisha kikapu, kitupu, akawafungulia mlango akarudi kwenye karatasi zake.

Nje, Truphosa aliweka kiganja kwenye ukuta wa hospitali. Aliaga vizuri kuliko alivyoaga popote. Alitaja jina la Edah na la marehemu baba yake, akataja miaka tisa, akashukuru kwa chai. Halafu wakatembea mpaka getini. Akageuka.

Hospitali ilikuwa imekaa.

"Tungoje," alisema. "Ina wagonjwa. Lazima ijipange."

Wakangoja. Gari la wagonjwa likaingia, gari la maziwa likatoka. Dakika ishirini. Hakuna tofali lililonyanyuka. Hata mlango haukufunguka kuchungulia.

Truphosa akakitoa kikapu kichwani, akakitazama ndani, akakirudisha. "Jiwe la Fransa, ambalo hujawahi hata kuliosha miguu, limetuma kengele," alisema. "Na hii umeioshea watu wake miaka tisa."

"Mama, nilikudanganya. Mkanda—"

"Mkanda nimeuona kwenye kamba ya Champa Jumamosi ya kwanza. Macho ninayo."

"Na ukanyamaza? Ukanifuata mpaka Paris?"

"Nilikuwa nataka kuona Paris."

Edah akaanza kulia na kucheka pamoja, kitu ambacho hakipendezi mtu akiwa kwenye yunifomu. Truphosa alimfuta kwa ncha ya leso.

"Rudi nyumbani na mimi," alisema.

"Nikafanye nini, Mama? Cheti ndicho hiki, na kule nyumbani hawakitambui. Na hapa, wale wagonjwa wangu… wananijua hatua nikiwa bado kwenye korido."

Truphosa akalifikiria hilo, akaitazama hospitali tena, akaliacha.

"Utawaambia nini akina mama wa kanisa?" Edah akauliza.

"Nitawaambia mnara wa Fransa ulinisindikiza mpaka mtoni. Hilo wataamini, wananijua ninavyoaga. La kwamba mtu anafundisha watu kazi halafu wanakuwa wakubwa wake, hilo watasema Truphosa ameanza kuzeeka." Akamsukuma kidogo. "Nenda kazini. Umechelewa."

Ijumaa asubuhi Champa alimpa Truphosa kifurushi. Kitambaa, mita nne, cha bluu.

"Hii haipauki," alisema Champa.

"Ulisema hivyo hivyo mwaka 1951."

"Mwaka 1951 nilikuwa nafanya biashara."

Truphosa alicheka, akamkumbatia, kisha akaiaga nyumba. Nyumba haikungoja amalize. Iling'oka na waya wake wa televisheni, ikawafuata kuanzia Hodge Hill mpaka Digbeth, shuka zikipepea kwenye kamba uani. Champa alikuwa jikoni, anakaanga, anawapa sambusa kupitia dirishani wakiwa wanatembea. Watu barabarani walikaa pembeni. Mzee mmoja alivua kofia, akidhani ni harusi.

Pale Digbeth basi la uwanja wa ndege lilikuwa tayari. Truphosa akaupiga ukuta wa nyumba viganja viwili, kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri. "Mmefika mbali, rudini. Na huyu akichoka, mfuateni." Akapanda. Kikapu alikiacha kwa Edah, na ndani yake mkate wa nusu, kwa sababu hakikutakiwa kubaki kitupu.

Mchana ule Edah alivaa mkanda wa kijani, akaingia kazini. Alikuta msichana mpya, miaka kumi na tisa, mafunzo ya miaka mitatu. Edah akamwonyesha jinsi ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa amelala. Mgeuze kwako, si kutoka kwako. Zungumza naye. Msichana alishika upesi, angekuwa Sista mzuri, na baada ya miaka minne akawa.

Shifti iliisha saa mbili ya jioni, jua bado liko juu ya mapaa kama ilivyo Julai kule. Edah alitoka, akasimama. Akaweka kiganja ukutani. "Haya, mimi naenda," akasema. Akangoja kidogo, kwa heshima tu. Hospitali haikunyanyuka.

Akavuka geti. Ng'ambo ya barabara, kati ya duka la magazeti na steji ya basi, ilisimama nyumba ya Champa, imepaki upande kidogo, moshi wa chapati unatoka. Pritam alikuwa amesimamisha basi nyuma yake, anakula moja.

"Panda, dada," alisema Champa dirishani. "Tumezuia watu."

Edah akaipanda nyumba.