Mabati ya Nyamhanga

Wewe wa Manyamanyama, uliona. Lori lilipita mbele ya duka lako limejaa magogo ya mlimani, ukageuza uso ukaendelea kupima sukari. Usiniambie hukujua yametoka wapi.

Mimi nakumbuka. Miaka ile ya foleni, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, wengine tulikuwaga tunavaa magunia. Lakini maji tulikuwaga nayo. Chemchemi ilitoka chini ya ile miti ya mlimani, maji meupe, na kaa wake na vyura wake. Aliyeingiza ng'ombe pale alitozwa mbuzi, tukamla wote, mwenyewe akitazama.

Sasa serikali imeachia biashara, maduka ya mjini, kule Mukendo, yamejaa mabati. Jirani yangu Nyamhanga, aliyerithi shamba lenye miti ile, akamuuzia mchoma mkaa Danford upande mmoja. Kwa pesa ile akaezeka nyumba bati.

"Nitakingaga maji ya mvua," akatutambia. "Chemchemi ni mambo ya wazee."

Miti ikakatwa, mvua ya kwanza ikashusha udongo wote chemchemini. Kiangazi kikaja: bati kavu, chemchemi tope. Mtoto wake Gati akaanza kuharisha. Mpaka leo mama yake, Helena, anambeba mgongoni, mwepesi kama kuku.

Juzi Danford karudi kununua upande uliobaki. Nilikuwepo. Helena akamkaribisha vizuri, akamwekea ile glasi ya harusi, imejaa maji ya chemchemi. Mekundu.

"Shemeji, maji gani haya?"

"Ya kwako hayo, shemeji. Kunywa."

"Hamna soda?"

"Gati hanywi soda. Kunywa kwanza, ndiyo muongee miti."

Nyamhanga akafoka. "Mama Gati, unanifukuzia mgeni!"

"Mgeni anayekataa maji ya nyumba hii, anatafuta nini humu?"

Danford hakunywa. Akampa Nyamhanga mkono, akasema mashoka yatapanda Jumatatu. Na Nyamhanga akaupokea ule mkono, maana paa la jiko bado ni la nyasi, anataka bati na huko.

Helena amehamishia mafiga yake chini ya miti iliyobaki. Anapika pale, analala pale, mtoto kifuani. Peke yake.

Wewe uliyekuzwa na maji ya mlima huu, funga duka. Njoo na jembe tuchimbe makinga-maji, tuzuie ule udongo. Na Jumatatu tusimame mbele ya mashoka. Usiniambie kesho. Panda sasa hivi.